Uzi: Viumbe wanaoishi kwa kutegemeana katika nyika ya Dodoma na Singida, na masharti yanayodumisha utegemeano huo

MTOA MADA

Wanajukwaa, salaam.

Mkulima wa Kongwa anayelalamikia kiduha, gugu linalonyonya mizizi, katika mtama wake, mrina asali wa Mkalama anayemfuata ndege porini na mfugaji anayeiona migunga ya mbugani ikidhoofika, kwa kawaida huhesabiwa kuwa watu wenye mambo matatu yasiyohusiana. Naanzisha uzi huu kwa sababu naamini wote watatu wanalizungumzia jambo moja, yaani namna viumbe wa jamii tofauti kabisa wanavyoishi kwa kutegemeana, na namna utegemeano huo unavyoweza kugeuka pale sharti moja tu linapoondolewa.

Shuleni tulifundishwa mafungu matatu: kuna uhusiano unaowafaidi wote wawili, kuna unaomfaidi mmoja bila kumdhuru mwenzake, na kuna ule wa kimelea, ambapo mmoja hushiba kwa hasara ya mwingine. Mafungu haya yanamfaa mwanafunzi anayeanza, ila yanatufanya tudhani kwamba kiumbe akishawekwa katika fungu fulani hukaa humo daima. Nyika yetu, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu kinachoanza Mei na kuendelea hadi Novemba, inaonyesha vinginevyo. Mahali penye uhaba wa maji na rutuba, karibu kila kiumbe anaishi kwa mapatano na mwingine, na mapatano hayo yana masharti.

Nianze na mtama, kwa kuwa ndio chakula chetu. Mzizi wa mtama ukiwa peke yake hupata shida kuitafuta fosforasi, kwa sababu madini haya hayatembei kwa urahisi udongoni. Mzizi ukishamaliza yaliyo jirani nao hubaki na njaa hata kama sentimita chache mbele yake yapo mengi. Hapo ndipo wanapoingia kuvu wa mizizini, viumbe wembamba kuliko unywele, ambao kwa upande mmoja hupenya ndani ya seli za mzizi, na kwa upande wa pili hutandaza nyuzi zao udongoni mbali kuliko mzizi wenyewe unavyoweza kufika. Kuvu hao huleta fosforasi, na mtama huwalipa kwa sukari na mafuta uliyoyatengeneza kwa mwanga wa jua. Mapatano haya ni ya kale mno. Mabaki ya mimea iliyogeuka mawe huko Rhynie, Uskoti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, yanaonyesha kuvu wa aina hii ndani ya mimea ambayo hata mizizi kamili ilikuwa bado haijawa nayo.

Kuvu hawa hawawezi kumaliza maisha yao bila mmea, na mmea nao hauwezi kutoka kwenda kuwatafuta. Kwa hiyo mzizi wenye njaa ya fosforasi huachilia udongoni kemikali ziitwazo strigolaktoni, kwa kiasi kidogo sana, na kuvu wakizipata huchipua matawi mengi kuelekea ulipo mzizi. Kazi hii ya strigolaktoni ilibainishwa na watafiti wa Japani mwaka 2005. Kemikali za kundi hilo, hata hivyo, zilikuwa zimejulikana tangu 1966 kwa sababu nyingine kabisa: ndizo zinazoamsha mbegu ya kiduha.

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, na akiba yake ya chakula hutosha siku chache tu baada ya kuota. Isipougusa mzizi wa mtama, uwele au mahindi katika siku hizo, hufa. Kwa sababu hiyo hulala udongoni kwa miaka mingi, hata zaidi ya kumi, ikisubiri ishara kwamba mzizi upo karibu, na ishara hiyo ni ule wito ambao mtama unawapelekea kuvu wake. Ni kama mwenye nyumba anayemwita fundi kwa sauti, na mwizi aliyejibanza njiani akausikia mwito huo huo na kuitambua nyumba. Mtama hauwezi kunyamaza kabisa, kwa maana ukinyamaza unawakosa kuvu, na ukipaza sauti unamkaribisha mnyonyaji. Kadiri ardhi inavyochoka ndivyo mzizi unavyozidi kuita, na hii ni sababu mojawapo ya kiduha kushamiri katika mashamba yaliyolimwa nafaka tupu kwa miaka mingi bila samadi.

Nimelitanguliza jambo hili kwa makusudi. Wengi wetu hukiona kiduha kama gugu baya lililotoka kusikojulikana, tukahangaika na kile kinachoonekana juu ya ardhi, wakati sehemu kubwa ya hasara imekwisha kufanyika chini kabla ua lake la zambarau au jekundu halijachomoza. Mbegu za mtama za Hakika na Wahi, zilizotolewa nchini mwaka 2002, zilichaguliwa kwa ustahimilivu wake dhidi ya kiduha, na njia mojawapo ambayo mtama stahimilivu hutumia ni kutoa mizizini ishara isiyokiamsha kiduha kwa nguvu. Yaani watafiti na wakulima walikuwa wakichagua namna ya kuita, hata kabla kazi ya wito huo haijaeleweka vizuri.

Sasa twende mbugani. Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, kama ule wa Wembere mkoani Singida, huota mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake huvimba kwenye kitako na kuwa vinundu vyenye uwazi ndani. Jina lake la kisayansi lililozoeleka ni Acacia drepanolobium. Chungu hutoboa vinundu hivyo na kukaa humo, na upepo ukipita kwenye matundu yake mti hutoa mluzi. Mti huwapa chungu makazi na mbochi, yaani maji matamu yanayotoka kwenye vitezi vya majani; chungu nao humiminika kumshambulia mnyama yeyote anayegusa tawi, na tembo, ambaye ana ngozi nene lakini ndani ya mkonga ni laini, huepuka kula mti wenye chungu wakali.

Utafiti wa kina kuhusu mti huu umefanyika kwa jirani zetu, Laikipia nchini Kenya, ambako aina nne za chungu hugombania miti hiyo. Ukizifuatilia aina hizo nne unaona jinsi jina la «mshirika» lilivyo pana. Crematogaster mimosae huulinda mti kwa ukali na hutegemea vinundu vyake. Crematogaster nigriceps naye ni mkali, lakini hukata vichipukizi ili matawi ya mti wake yasigusane na ya jirani ambako wapo maadui zake. Mti unalindwa, ila haupati maua wala mbegu. Tetraponera penzigi huviharibu vitezi vya mbochi, ili mti usiwavutie wengine. Crematogaster sjostedti hakai kwenye vinundu hata kidogo, bali huishi katika mashimo yaliyotobolewa na mabuu wa mbawakawa ndani ya shina, na kwa kuwa mabuu hao ndio wanaomchimbia nyumba, huwaacha waendelee kuula mti. Mtu akiniuliza kama chungu ni rafiki wa mgunga, nitamwuliza kwanza anamaanisha chungu yupi.

Mwaka 2008 Todd Palmer na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambapo uzio uliwazuia tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiifikie migunga kwa miaka kumi. Mtu angetarajia miti ipumue na kustawi. Kilichotokea ni kwamba mti usioliwa ulipunguza vinundu na mbochi, kwa sababu ulinzi ni gharama na sasa hapakuwa na adui wa kugharimia. Chungu mimosae wakakosa posho na kupungua, nafasi yao ikachukuliwa na sjostedti na mabuu yake, na miti iliyokaliwa na hao ikakua polepole na kufa kwa wingi zaidi. Tembo, ambaye kwa macho ya kawaida ni mharibifu wa miti, alikuwa ndiye sharti lililoufanya mti uendelee kumlipa mlinzi wake.

Sharti jingine likaondolewa kwa njia tofauti. Chungu wageni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, ambao huenezwa na shughuli za binadamu sehemu nyingi za dunia, waliingia Laikipia na kuwaua chungu wenyeji bila kuchukua kazi yao ya ulinzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ukiongozwa na Douglas Kamaru, ulionyesha kuwa katika maeneo yaliyovamiwa tembo walivunja miti kwa kasi ya mara tano hadi saba, mbuga ikawa wazi, simba wakakosa mahali pa kujificha wanapowawinda pundamilia, na wakageukia zaidi nyati. Nimeusoma utafiti huo kwa mshangao wa kweli. Umbali uliopo kati ya mdudu wa milimita chache na windo la simba ni mkubwa, lakini kila kiungo cha mnyororo ule kimeelezwa kwa ushahidi.

Uhusiano wa tatu ninaotaka kuuzungumzia unatuhusu sisi binadamu moja kwa moja. Mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, anajua mizinga ya nyuki wa porini ilipo lakini hawezi kuipasua wala kuvumilia miiba. Anachokitamani ni nta na mabuu, na tumbo lake lina uwezo, ulio nadra sana miongoni mwa ndege, wa kumeng'enya nta. Mtu ana shoka na moshi, lakini hajui mzinga ulipo. Ndege humjia mtu, hupiga kelele za mfululizo, huruka mti hadi mti akimsubiri, na anapofika karibu na mzinga hubadili mwenendo. Mmisionari wa Kireno João dos Santos alimwelezea ndege huyu tangu alipokuwa Sofala mwaka 1588, ambako alimwona akiingia kanisani kula nta ya mishumaa. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer, waliofanya kazi na Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha mwaka 1989, walipima kwamba mtu bila ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kuupata mzinga, na akiwa na ndege saa 3.2.

Hapa kwetu Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi ikiwemo wilaya ya Mkalama, huwasiliana na mlembe kwa mluzi, wakati Wayao wa Niassa nchini Msumbiji hutumia sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizika kwa mguno. Claire Spottiswoode na Brian Wood walicheza sauti zote mbili katika sehemu zote mbili, na mwaka 2023 wakaonyesha kuwa mlembe wa upande wa Eyasi alishirikiana na mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko alivyoitikia sauti ya Wayao, na kule Niassa mambo yakawa kinyume chake, karibu mara mbili. Ndege hazaliwi akiujua mluzi huo. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine na kulelewa na wasio wazazi wake, kwa hiyo lugha ya warina asali hujifunza mwenyewe kutoka kwa watu wa mahali alipo. Na huyo huyo anayetusaidia huanza maisha yake kama kimelea: kifaranga wake hutoka yaini akiwa na ndoano mdomoni, ambayo huitumia kuwaua vifaranga wa mwenye kiota.

Mapatano haya nayo yana ukali wake. Wood na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba Wahadzabe mara nyingi huyafukia au kuyachoma masega yaliyobaki, ili ndege asishibe na aendelee kuongoza. Sioni haja ya kuwalaumu. Nalitaja kwa sababu linavunja picha laini tuliyonayo ya urafiki kati ya mtu na ndege. Linaloniumiza ni kwamba mluzi hurithishwa kwa kufuatana porini, na mahali ambapo vijana hawaendi tena kurina, ndege hana wa kujifunza kutoka kwake.

Nitaipitia kwa ufupi mifano miwili mingine. Ua la mbuyu hufunguka jioni, likining'inia, jeupe na lenye harufu kali, na kesho yake hunyauka. Mbuyu hauzai vizuri kwa chavua yake mwenyewe, hivyo unamhitaji mgeni wa usiku wa kubeba chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine, na katika sehemu kubwa ya Afrika mgeni huyo ni popo mla matunda, ingawa nondo wakubwa nao wana sehemu yao. Anayeuza ubuyu pale Dodoma mjini na kisha kuunga mkono kufukuzwa kwa popo kwenye miti yao anakata mkono unaomlisha. Popo asishikwe wala kuliwa, kwa sababu za kiafya zinazoeleweka. Kumwacha alipo kunatosha.

Mfano wa pili ni kichuguu. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa humeza majani makavu na vipande vya miti, huyatoa yakiwa yamechanganyika na spora za uyoga, yaani chembe zake za uzazi, na kuyajenga kuwa masega ndani ya ardhi. Uyoga huota humo, huivunja sehemu ngumu ya mti, na mchwa hula sega lililoiva. Kilimo hiki kilianza barani Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Ule uyoga mkubwa unaotokeza kwenye vichuguu wakati wa mvua ni wa shamba hilo. Katika aina nyingi, kumbikumbi wawili wanaoanzisha kichuguu kipya hawaondoki na uyoga nyumbani, bali vijakazi wao wa kwanza ndio wanaookota spora nje. Uyoga usipopata nafasi ya kufunguka na kumwaga spora, vichuguu vichanga vinakosa mbegu ya kuanzia.

Karibuni tuchangie, hasa wenye uzoefu wa shambani na malishoni.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mkulima, Kongwa)

Mtoa mada, nakushukuru kwa maelezo ya kiduha, kwa kuwa sikuwahi kuelezwa kwamba mtama wenyewe ndio unaokiita. Wazee wetu walikuwa wakichanganya mtama na kunde au njugu mawe katika shamba moja, na sisi tukaacha kwa kuambiwa kwamba mistari ya zao moja ndiyo kilimo cha kisasa. Naomba ufafanuzi: je, mikunde ina msaada wowote dhidi ya kiduha, au faida yake ni rutuba tu?

MTOA MADA

Ndugu mkulima, ina faida zote mbili, na zote zinatokana na utegemeano.

Kuhusu rutuba, karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Bakteria wanaoingia katika mizizi ya kunde, karanga, choroko na njugu mawe hutengenezewa vifundo, hulishwa sukari, na humo huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Ng'oa kwa uangalifu mche wa kunde unaokaribia kutoa maua, kata kifundo kwa ukucha, na utazame rangi ya ndani. Ikiwa ni ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Ikiwa ni ya kijani au kijivu, bakteria hao hawafanyi kazi, na mmea unabeba mzigo usio na malipo. Utafiti umeonyesha kwamba mmea wa soya huweza kukinyima hewa kifundo kisicholeta naitrojeni, na mkulima akimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni mmea hupunguza vifundo vyenyewe. Hata hapa mapatano yanadumu pale tu ambapo kila upande unamhitaji mwenzake.

Kuhusu kiduha, mizizi ya karanga na ya kunde nayo huweza kuiamsha mbegu yake, lakini kiduha kinachoshambulia nafaka hakiwezi kujishikiza humo. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Kwa hiyo msimu wa karanga katika shamba lililoathirika unapunguza akiba ya mbegu iliyomo udongoni. Jambo hili halimalizwi na msimu mmoja, kwa maana mche mmoja wa kiduha huweza kutoa mbegu kwa makumi ya maelfu. Ng'oa kila mche kabla haujakomaza mbegu, rudisha samadi shambani, na endelea kuzungusha mazao. Utambue pia kwamba ipo aina nyingine ya kiduha inayoshambulia kunde zenyewe, kwa hiyo ukiona kunde zako zinanyauka huku zikiwa na mimea midogo ya maua ya zambarau hafifu miguuni, badili uwe na karanga.

MCHANGIAJI WA PILI (mfugaji, Bahi)

Mimi ni mfugaji, na nashangaa mtoa mada hukuwataja ndege wanaokaa juu ya ng'ombe. Tuna yangeyange wanaotembea miguuni pa mifugo, na tuna wale wenye mdomo mwekundu wanaong'ang'ania mgongoni na masikioni wakila kupe. Hawa wa pili mimi nawahesabu kama msaada mkubwa, ingawa mzee wangu aliwafukuza kila alipoona ng'ombe mwenye kidonda. Nani alikuwa sahihi?

MTOA MADA

Mkuu, mzee wako alikuwa na macho makali, na ninaamini wote wawili mna haki.

Yangeyange ni rahisi: ng'ombe akitembea huwarusha panzi, ndege huwadaka bila kutumia nguvu nyingi, na ng'ombe hapotezi kitu. Wale wenye mdomo mwekundu ni jambo zito zaidi. Ni kweli hula kupe kwa wingi, lakini wanachokipenda ni damu, na kupe aliyeshiba ni mfuko wa damu. Paul Weeks alifanya jaribio kwa ng'ombe nchini Zimbabwe, akalichapisha mwaka 2000, na hakuona kwamba kuwaondoa ndege hao kuliongeza kupe wakubwa kwenye ng'ombe. Aliona kwamba walipokuwepo vidonda vilichelewa kupona, kwa kuwa waliviendea na kuvidonoa. Kwa upande mwingine, Roan Plotz na Wayne Linklater walionyesha mwaka 2020, huko Afrika Kusini, kwamba faru mweusi mwenye ndege hawa mgongoni alimgundua mtu anayemnyemelea kila mara na akiwa mbali zaidi, kwa sababu hutahadharishwa na kelele zao, ilhali faru asiye na ndege alimgundua mtu katika chini ya robo ya majaribio. Kwa faru anayewindwa, damu kidogo ni bei ndogo ya kupata mlinzi. Kwa ng'ombe wako aliye zizini na asiye na jangili wa kumwogopa, bei ni ile ile na faida ni pungufu. Ng'ombe mwenye kidonda mtibu na ukifunike kidonda chake, wengine waache na ndege wao.

Nikiwa kwa mfugaji, niongeze kwamba ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya majani makavu ya Bahi. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu waliomo katika tumbo lake kubwa la kwanza, na ng'ombe huishi kwa asidi wanazozalisha pamoja na miili yao wenyewe wanaposukumwa kwenda sehemu za tumbo zinazofuata. Jamii hiyo huzoea chakula kilichopo. Mtu anapomtoa ng'ombe malishoni na kumpa ghafla pumba au mahindi mengi ili anenepe kabla ya mnada, bakteria wa wanga hufumuka, asidi hupanda, na mnyama huweza kufa akiwa na tumbo lililojaa. Badilisha chakula kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa.

MCHANGIAJI WA TATU (mrina asali, Manyoni)

Nimefurahi kusoma habari za mlembe, kwani kwetu bado wapo wanaomfuata. Nauliza kuhusu nyegere. Tangu utotoni tumesikia kwamba mlembe humwongoza nyegere kama anavyomwongoza mtu, na wengine wanasema ni hadithi tu.

MTOA MADA

Swali zuri sana. Mwaka 2023 watafiti walichapisha mahojiano na warina asali karibu 400 wa jamii 11 katika nchi tisa za Afrika, na walio wengi walisema hawajawahi kuwaona nyegere na mlembe wakishirikiana. Jambo la kuvutia ni kwamba waliosema wamewaona walitoka zaidi katika jamii za Tanzania, na Wahadzabe wakiwa mbele. Nyegere haoni wala kusikia vizuri kwa mbali, hutembea sana usiku, na ndege ni wa mchana, kwa hiyo kuna sababu za kutilia shaka. Hata hivyo ushuhuda wa watu wanaoishi porini hauna budi kupewa uzito, na inawezekana kabisa kwamba ushirikiano huo upo mahali pamoja na haupo pengine, kama ilivyo kwa mluzi. Ninyi wa Manyoni mko mahali pazuri pa kuliona. Mwenye kuwahi kushuhudia aeleze alikuwa wapi, saa ngapi, na nani alitangulia kufika kwenye mzinga.

MCHANGIAJI WA NNE (Kondoa)

Mtoa mada, nakubaliana na mengi, lakini hoja ya uzio wa Laikipia inanipa shaka. Hapa Kondoa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Leo milima ile ina miti na majani ambayo wazee wanasema hayakuwepo. Ukisema kuondoa wanyama kunadhoofisha miti, unataka kutuambia HADO ilikosea?

MTOA MADA

Hapana, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu mtu angeweza kuusoma utafiti ule vibaya. Laikipia kulikuwa na mfumo uliokuwa bado mzima: miti, chungu na wanyama wakubwa wakiwa pamoja, na uzio ukaondoa kiungo kimoja. Kondoa kulikuwa na ardhi iliyochimbwa na makorongo, ambako idadi ya mifugo ilizidi uwezo wa majani kujirudisha. Hapo hapakuwa na mapatano yaliyobaki ya kuvunjwa. Kuondoa mifugo kulikuwa na maana, na matokeo uliyoyataja yanaonekana kwa macho. Ninachodai ni kwamba hatuwezi kuichukua hatua iliyofaa Kondoa na kuipeleka kila mahali bila kuangalia ni viumbe gani wanategemeana mahali hapo.

Chukua mkababu, ule mti mkubwa unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuwa wa kijani kiangazi. Mizizi yake ina bakteria wa naitrojeni, hauzibi mwanga wa mtama uliolimwa chini yake kwa sababu msimu wa kilimo unaukuta hauna majani, na maganda yake huanguka kiangazi, wakati mifugo ina njaa. Mbegu yake ina ganda gumu, na ikipita tumboni mwa ng'ombe au mbuzi hutoka imelainika na kuchukuliwa mbali na mti mama, ikiwa ndani ya samadi. Ukiondoa mifugo yote daima, unaupunguzia mti huo msambazaji. Ukiiachia yote daima, miche inaliwa kabla haijainua kichwa. Suluhisho ni muda na idadi: maganda yaliwe, na miche ilindwe miaka ya mwanzo.

Ndiyo maana naiunga mkono kazi ya Kisiki Hai inayofanywa katika vijiji vingi vya Dodoma, ambapo mkulima huchagua machipukizi machache kwenye kisiki kilichopo, huyapogolea, huyawekea alama, na kuyaacha yakue bila kung'oa wala kupanda upya. Kisiki hicho kina mizizi iliyokwisha kufika chini, na mizizi hiyo tayari ina kuvu na, ikiwa ni mgunga, bakteria wake. Mche wa kitaluni uliopandwa kwenye ardhi iliyokuwa tupu kwa miaka unaanza kuwatafuta washirika hao ukiwa peke yake, katikati ya kiangazi chetu. Kama una shamba Kondoa lenye visiki, anza na hivyo kabla ya kununua miche, na utuletee hapa majina ya miti inayochipua vizuri upande wenu, maana orodha ya Kongwa na ya Mpwapwa huenda isifanane na ya kwenu.